Alifundisha Kuruka, Mwenyewe Hakuwahi Kuruka

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi, viongozi wa serikali ya wanachuo, na ninyi walimu tarajali: itifaki imezingatiwa. Habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ukocha wa wasichana kabla hamjatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Nina miaka 23 katika kufundisha michezo shuleni, na 19 kati ya hiyo nimekuwa na timu ya netiboli. Ningeweza kuwasimulia ya UMISSETA, michezo yetu ya shule za sekondari, mpaka jua lizame na bado yangebaki. Lakini leo nimewaletea habari za mwanamke wa mbali, wa California, na za mchezo ambao wengi wenu mmeuona kwenye simu tu: jimnastiki. Jina lake Valorie Kondos Field. Wanafunzi wake walimwita Miss Val, nasi tumwite hivyo hivyo.

Kwa nini yeye? Kwa sababu najua kitakachowapata. Utaripoti shuleni Jumatatu. Jumatano mkuu wa shule atakuita, atakutazama umri wako, atakwambia, "Mwalimu, wewe bado kijana, utatusaidia netiboli." Hatakuuliza kama umewahi kushika mpira. Utatoka ofisini na filimbi mkononi, na jioni wasichana ishirini watakuwa wamesimama mbele yako wakisubiri useme neno. Miss Val alisimama mahali hapo hapo. Alikuwa mcheza densi ya baleti. Jimnastiki hakuwahi kuicheza. Hakuwahi kupinduka kwenye boriti, hakuwahi kuning'inia kwenye vyuma. Na mwanamke huyo alikuwa kocha mkuu wa timu ya wasichana ya chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles, tangu mwaka 1991 hadi 2019, akatwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani mara saba.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, maana wengi tunauchanganya na sarakasi. Sarakasi ni onyesho, watu wanatazama na kushangilia. Jimnastiki ni mashindano, na mbele yako wamekaa majaji wenye kalamu. Wasichana wana vifaa vinne. Kuna meza ya kurukia: unakimbia kwa nguvu zako zote, unaipiga kwa mikono, unajizungusha hewani, unatua. Kuna vyuma viwili, kimoja juu na kingine chini. Kuna sakafu, ambapo unaruka na kucheza kwa kufuata muziki. Na kuna boriti. Hebu mwenye rula aitoe. Tazama sentimita 10. Huo ndio upana wa boriti nzima. Urefu wake mita 5, na iko sentimita 125 juu ya ardhi, yaani karibu na kifua cha wengi wenu hapa. Juu ya hiyo msichana anapinduka kinyumenyume, macho hayaoni anapokwenda, na mguu lazima uikute rula.

Kwenye vyuo vya Marekani kila kifaa wanapanda wasichana sita, na alama tano za juu ndizo zinazohesabiwa. Alama kamili kwa mmoja ni 10, kwa timu nzima ni 200. Mashindano ya kimataifa yaliachana na hiyo 10 mwaka 2006, vyuo wakabaki nayo, nami nadhani walifanya vyema, kwa kuwa hata bibi aliyeko jukwaani na hajui lolote la mchezo anaelewa maana ya kumi juu ya kumi. Lipo pia jambo la sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Kutokana na hiyo, vyuo vililazimika kufungulia wasichana milango ya michezo na ya ufadhili wa masomo. Bila sheria hiyo, kazi ya Miss Val isingekuwa na mshahara wala wanafunzi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Kocha wa chuo hampokei mtoto mbichi. Msichana wa jimnastiki ameanza akiwa na miaka mitatu, minne. Akifika chuoni ana miaka 18, na wengine kilele chao walishakipita wakiwa na 15. Wamepitia mikono ya makocha wengi, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa mizito. Wanafika na mabega yaliyofanyiwa upasuaji, migongo inayouma, na woga ambao hawausemi. Halafu wakimaliza chuo, kwa wengi wao mchezo umekwisha kabisa. Kwa hiyo kocha wa chuo anapokea kazi iliyoanzwa na mwingine, na yeye ndiye anayeifunga. Ninyi nanyi mtapokea wasichana wa kidato cha kwanza waliotoka kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wengine wamefundishwa vizuri mno, wengine wamefundishwa kwa bakora. Hamtajua nani ni nani mpaka mtazame.

Miss Val mwenyewe hakuanza kwa kutazama. Amelieleza hilo mara nyingi mbele ya watu, bila kujificha. Alipokabidhiwa timu aliwaza hivi: sijui mchezo, basi angalau niwe kama makocha wanaoshinda. Akaiga walichofanya makocha wakali aliowaona. Akawa anakaripia, anadharau, anatoa amri. Msichana akija na shida, jibu ni kwamba avumilie. Na hawakushinda. Baada ya miaka michache timu ikaomba kikao naye. Alifikiri ni kikao cha kawaida. Kumbe wasichana walikuwa wamejipanga, na kwa muda wa saa mbili, mmoja baada ya mwingine, wakampa mifano ya jinsi kiburi chake kilivyowaumiza. Walimweleza kwamba wanataka kuinuliwa, wamechoka kubomolewa.

Saa mbili! Mimi nimejiuliza mara nyingi: ningeweza kukaa kwenye kile kiti? Hapa kwetu mwanafunzi akimwambia mwalimu hata sentensi moja ya namna hiyo, tunasema hana adabu, tunamwita mzazi. Yeye alikaa. Akasikiliza hadi mwisho. Mimi naamini kazi yake yote, hayo mataji saba yote, ilianzia kwenye kikao hicho. Aliachana na kuiga ukali wa wengine, akafundisha kwa kile alichokuwa nacho mwenyewe, yaani jicho la mcheza densi, uvumilivu wa mazoezi, na kumtazama mtu anavyosimama, anavyopumua, anavyoinua mkono. Mambo ya kiufundi ya kuruka na kupinduka akawaachia wasaidizi walioyajua. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1997. Ukafuata wa 2000, 2001, 2003, 2004, 2010 na 2018.

Naomba hapa niwaambie la kwangu, maana si haki kumtaja mwanamke wa watu makosa yake nikaficha yangu.

Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa na mlinzi mmoja hodari, binti wa kidato cha pili. Jina lake sitalitaja. Nilikuwa na msemo wangu nikiupenda sana: "Timu yangu haina wagonjwa." Niliusema kila jioni, wasichana wanacheka, nami najiona kocha. Tulikuwa tunajiandaa na mashindano ya kanda. Nikamwona binti anachelewa kugeuka, nikamkaripia. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikamtoa mbele ya wenzake, nikamwambia amekuwa mvivu. Jioni ile matroni akaniita bwenini. Binti amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu kwenye beseni, na soksi haitoki. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba mpaka soksi imezama kwenye nyama. Tuliikata kwa mkasi, taratibu, kipande kwa kipande. Chini yake ngozi ilikuwa ya zambarau na njano, rangi ya jeraha la siku nyingi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Wiki mbili, mwalimu." Nikamuuliza kwa nini hukusema. Hakujibu. Alinitazama tu. Jibu nililijua, lilikuwa ni ule msemo wangu.

Hakucheza tena mwaka ule. Namshukuru Mungu mguu ulipona. Tangu siku hiyo sijausema tena, na tangu siku hiyo nakagua miguu.

Hilo la miguu linanipeleka kwa mtu mwingine, John Wooden. Alikuwa kocha wa mpira wa kikapu wa wanaume hapo hapo UCLA, na kati ya mwaka 1964 na 1975 alitwaa ubingwa wa vyuo mara 10. Miss Val alikuwa bado anahangaika alipokutana na mafundisho yake. Wooden alifundisha kwamba kufanikiwa ni utulivu wa moyo anaoupata mtu anayejua kwamba amejitahidi kwa kadiri ya uwezo wake. Hakutaja ubao wa matokeo. Baadaye wawili hao wakawa marafiki wa karibu. Mzee akawa anahudhuria mashindano ya wasichana, wakawa wanazungumza, mpaka alipofariki mwaka 2010 akiwa na miaka 99.

Mnajua mzee huyo, bingwa wa mabingwa, siku ya kwanza ya mazoezi alifundisha nini? Kuvaa soksi. Kweli. Anawakalisha vijana warefu kama minazi, wengine tayari wana majina, anawaonyesha namna ya kuvuta soksi isibaki na kunyanzi kwenye kisigino na vidoleni, kisha namna ya kufunga kamba za viatu. Sababu yake ni kwamba kunyanzi huleta lengelenge, mwenye lengelenge hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hachezi. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza niliikumbuka ile soksi yangu na mkasi, nikafunga kitabu.

Turudi kwa Miss Val. Kuna msichana mmoja nataka mumjue, Katelyn Ohashi. Mwaka 2013, akiwa bado na miaka 15, alishinda shindano kubwa la American Cup. Aliyekuwa nyuma yake siku hiyo ni Simone Biles, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki. Ndiyo, Simone Biles huyu huyu. Kila mtu alisema Ohashi ndiye ajaye. Halafu mwili ukagoma: bega, mgongo. Na juu ya maumivu hayo kulikuwa na maneno. Amesimulia mwenyewe kwamba aliambiwa amekuwa kama ndege asiyeweza kuruka. Mtoto wa kike anaambiwa hivyo na watu wazima.

Alipofika UCLA alimweleza kocha wake wazi: aliwahi kuwa bora, na hataki tena kuwa bora. Hebu fikirini. Umempa msichana ufadhili wa masomo, nafasi ni chache, anakuja kukwambia hataki ubora. Miss Val anakiri kwamba kwa nukta moja alifikiria kumnyang'anya ufadhili. Kisha akaelewa. Kwa binti huyu, kuwa bora na kuumizwa vilikuwa kitu kimoja. Ubora ndio uliomvunja mgongo. Nani angeutaka tena?

Basi kocha akachukua njia ndefu. Akamtazama kama mtu kwanza. Akawa anamuuliza habari za maisha yake, za masomo, za anachopenda, na akawa anasubiri majibu. Haikuwa wiki, haikuwa mwezi. Ni kazi ya misimu. Wengi wetu tungekata tamaa muhula wa kwanza, tena tungesema tumejitahidi.

Januari 2019, katika shindano lililofanyika Anaheim, Ohashi akapanda sakafuni. Wengi wenu nadhani mmeiona video ile bila kujua habari zake. Muziki ni wa Tina Turner, Earth, Wind & Fire na Jackson 5. Itazameni tena leo usiku, ila msiangalie kuruka. Tazameni uso. Anacheka, anatoa ulimi, anacheza kama yuko kwenye sherehe ya nyumbani, kisha anaruka juu, anatua kwa msamba, anadunda na kuendelea. Halafu wageuzieni macho wenzake pembeni ya zulia: wanacheza naye kila mtindo, kila mkono, maana wanaujua wote kwa moyo. Majaji wakampa 10. Ndani ya siku chache video ilikuwa imetazamwa mara mamilioni kwa mamilioni duniani. Ndege asiyeweza kuruka.

Linalofuata ni zito, na ninaomba utulivu.

Mnafahamu kesi ya Larry Nassar. Alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, na kwa miaka mingi aliwadhalilisha wasichana kingono akijifanya anawatibu. Januari 2018 zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisimama au kusomewa maelezo yao mahakamani, mmoja baada ya mwingine, kwa siku saba. Alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Baadhi ya aliowaumiza walikuwa wamepitia au walikuwa bado kwenye timu ya UCLA. Mmoja ni Kyla Ross, aliyepata medali ya dhahabu na timu ya Marekani huko London mwaka 2012. Ni msichana mkimya, mpole, asiyesumbua mtu. Ninyi mnawajua wanafunzi wa namna hiyo. Ndio tunaowasahau, kwa sababu hawatupi shida.

Siku moja Kyla aliingia ofisini kwa Miss Val, akakaa. Hakuwa na hoja maalumu. Akazungumza habari za masomo, za mipango yake baada ya chuo, hili na lile. Kocha ana kazi, kama makocha wote. Lakini alihisi kuna kitu, akanyamaza, akampa muda. Na mwisho wa mazungumzo marefu binti akamweleza kwamba naye aliumizwa na daktari yule. Baada ya kuutua mzigo ule alikuwa akipanda vifaani kama mtu mwingine, na mwaka 2019 alikuwa amepata 10 kwenye vifaa vyote vinne.

Walimu tarajali, nisikilizeni vizuri. Mtoto aliyeumizwa haji na barua. Anakuja na mambo ya ratiba, ya sare, ya kalamu iliyopotea. Anazunguka. Ukimwambia "sema haraka nina kipindi," umemfungia mlango ambao huenda amechukua mwaka mzima kuufikia. Akikwambia, usimuulize alivaa nini wala alifuata nini kule. Mwamini, mshukuru kwa kusema, na usiahidi siri usiyoweza kuitunza, kwa sababu lazima uende kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Usilimalize "kifamilia". Na hili ni kwa wanaume na wanawake waliomo humu: ukiwa kocha, usimtibu msichana misuli ukiwa naye peke yenu chumbani. Kagua mguu uwanjani, mbele ya wenzake, matroni akiwepo. Nassar alifanikiwa kwa sababu watu wazima waliona ni kawaida mlango kufungwa.

Nimebakiza kidogo. Aprili 2018, fainali za vyuo mjini St. Louis. Oklahoma walikuwa mabingwa miaka miwili mfululizo na walikuwa wakiongoza. UCLA wakamalizia kwenye boriti, ile rula yetu. Mtu wa mwisho kupanda ni Christine Peng-Peng Lee, Mkanada, miaka 24, mkubwa kuliko wenzake. Mwaka 2012 ilikuwa aende Olimpiki, goti likakatika wiki chache kabla. Alifika chuoni akiwa majeruhi, akaumia tena, akangoja, mpaka akaruhusiwa mwaka wa sita. Ili timu ichukue ubingwa ilihitajika apate 9.975. Akapanda. Akapata 10. UCLA 198.075, Oklahoma 198.0375. Piga hesabu mwenyewe tofauti ni ndogo kiasi gani.

Tuna msemo wetu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunawaambia watoto wakishafungwa. Sijawahi kusikia kocha akiambiwa. Goti la Peng-Peng liliwashinda makocha wake miaka mingi, nao wakakubali kushindwa nalo, wakaacha lipone kwa kasi yake. Lingeharakishwa, jioni ile ya St. Louis kusingekuwa na mtu wa kupanda boriti.

Miss Val aliugua saratani ya matiti mwaka 2014, akatibiwa huku akiendelea na timu. Alistaafu mwaka 2019, msimu ule ule wa video ya Ohashi. Fainali yake ya mwisho hawakushinda. Walikuwa wa tatu.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Maswali nitayajibu, ila si humu ndani. Saa kumi jioni tuko uwanja wa netiboli, wote, wanaume na wanawake, hata ambaye hajawahi kugusa mpira, hasa huyo. Njooni na raba na soksi mkononi, msivae kabla. Tutakaa chini kwenye nyasi, tutaanza na mguu wa kulia.